Siku Mama Alipoifukiza Boti

Asubuhi yangu ya kwanza ndani ya boti niliamshwa na hodi. Mtu anagonga taratibu, anapumzika, anagonga tena, kama mgeni mwenye adabu zake. Nikaitikia, "Karibu," kama tunavyoitikia kwetu Unguja, nikajitanda kanga, nikaenda kufungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na bata maji mmoja mkubwa, mweupe, shingo ndefu, anadonoa mwani uliogandia ubavuni mwa boti. Aliniangalia kwa dharau kidogo akaendelea na kazi yake. Nikacheka peke yangu mlangoni, miguu mitupu, baridi inanipanda mpaka magotini, nikajiambia: haya, sasa una mlango, na umeshapata mgeni.

Mlango ndio kitu nilichokuwa nakiota tangu nifike London. Sikuota jumba wala bustani. Nilitaka mlango niufunge mwenyewe na niufungue mwenyewe. Kwa mama mdogo, Ilford, nililala chumba kimoja na binti zake. Watoto wazuri, wananipenda, nawasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na wana nguo nyingi kuliko duka. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda cha mmoja, viatu vyangu chini ya kitanda cha mwingine, na mie mwenyewe godoro langu lilikunjwa kila asubuhi ili watu wapite. Sikulalamika. Mama mdogo alinipokea kama mtoto wake, na mtu aliyeishia kidato cha nne, Kiingereza chenyewe cha kuungaunga, akipokewa hivyo anashukuru. Lakini kila asubuhi nikienda kazini Tottenham nilivuka daraja juu ya mto Lea, na chini ya daraja kulikuwa na zile boti, ndefu na nyembamba, zimejipanga ukingoni, kila moja na kibomba chake cha moshi. Nilikuwa nasimama. Naangalia moshi. Nachelewa basi.

Kazi yangu ni ile ya kutunza wazee majumbani, sisi wenyewe tunaiita kea. Kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimuogesha, alikuwa akija muuguzi kumbadilisha bandeji, mwanamke mchangamfu aliyetoka nchi ya mbali kuliko kwetu. Siku moja nilimsimulia zile boti, na yeye akaweka mkasi chini akaniambia kwamba moja ni yake. Mama yake alikuwa mgonjwa huko kwao, na yeye alitaka kwenda kukaa naye miezi yote ya baridi, ila hakuwa na mtu wa kumuachia boti. Boti isiyowashwa moto wakati wa baridi inaharibika, alisema. Maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka. Alitaka mtu wa kukaa humo na kuiwekea joto. Kisha akanipa lile neno lililoninyima usingizi: nikiimaliza baridi na bado naipenda boti, basi yeye akirudi atahamia nchi kavu, na mie niendelee kukaa.

Mama mdogo alimpigia mama simu kabla hata sijafunga begi.

Mama alinipigia jioni ileile. Aliniuliza kwa utulivu kama Uingereza nyumba zimekwisha. Nikamueleza: boti ni ya chuma, ina kitanda, ina jiko la kupikia na jiko la kuotea moto, ina madirisha ya duara kama ya kwenye picha. Akasikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nitakuja niione kwa macho yangu," akasema. "Ikiniridhisha, kaa, na radhi zangu unazo. Isiponiridhisha, unarudi kwa mdogo wangu, na hatulizungumzi tena."

Kuja alikuwa anakuja kweli. Mama mdogo alikuwa afanyiwe upasuaji wa goti katikati ya baridi, na mama alishaomba viza aje kumuuguza. Kwa hiyo sikuwa na ujanja. Wapo vijana wanaoweza kusema mama kasema yake, na mie nitafanya yangu. Mie siwezi. Kukaa mahali ambapo mama hana radhi napo ni kama kulala na jiwe ndani ya mto wa kulalia. Basi nikahamia botini huku najua kwamba naishi ndani ya mtihani.

Na ule mtihani ulikuwa na baridi. Nyumba ya mama mdogo ina mabomba ya joto ukutani, unabonyeza kitufe. Kwenye boti, joto unalitengeneza kwa mikono yako. Wiki ya kwanza moto ulinizimikia kila usiku. Naulisha makaa ya mawe mpaka jiko linakuwa jekundu, nalala natoka jasho, naamka asubuhi pumzi yangu inaonekana mbele ya uso. Boti iliyokuwa jirani yangu ilikaliwa na mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, mwenye kofia ya sufu na paka mnene. Kila asubuhi aliniona nikitoka nimejitanda kanga juu ya jaketi, kibomba changu hakitoi hata uzi wa moshi. Siku ya tatu au ya nne akaomba ruhusa aingie. Akapiga magoti mbele ya jiko langu akanifundisha kuulaza moto: jivu kidogo linabaki, makaa yanapangwa nyuma, mlango unafungwa, na kile kitundu cha chini kinaachwa wazi kiasi cha upana wa ukucha. Alisema moto ni kama mtoto mchanga, unashiba, unafunikwa, lakini lazima upumue.

Kisha akanionesha matundu mengine, yaliyotobolewa juu ya milango na chini karibu na sakafu, ambayo upepo ulikuwa unapita humo kama mwizi mwenye ufunguo. Nilikuwa nimeyatazama matundu hayo kwa chuki tangu siku ya kwanza. Akaniambia hayo hayazibwi. Akanielekeza kidole kwenye kidude cheupe cha duara kilichobandikwa ukutani, nilichodhani ni cha kupimia joto. Ni alamu, akasema. Makaa yanatoa hewa moja mbaya, haionekani, hainuki, na inawalaza watu wasiamke tena. Matundu ndiyo pua ya boti, na kile kidude ndicho mlinzi wake. Alisema hayo huku anamkuna paka, bila kunitisha, lakini tangu siku ile nikawa nakisalimia kile kidude kabla ya kulala.

Sasa nisije nikaonekana nilikuwa nateseka. Yalikuwepo mateso, naam. Madirisha yalikuwa yanalia kwa ndani kila asubuhi, nayafuta kwa taulo, taulo linalowa chepechepe. Shuka la upande wa ukutani lilikuwa na unyevu daima. Barafu ilipoushika mto, kamba za kufungia boti zilikuwa ngumu kama fimbo, na nikigeuka kitandani boti inatikisika kidogo, halafu nje barafu inavunjika, sauti yake kama mtu anayekanyaga vigae. Na sheria ya boti kama ile yangu, isiyo na kituo chake, ni kwamba haikai mahali pamoja zaidi ya wiki mbili. Unasogea. Mzee jirani, ambaye naye alihama hivyohivyo na kufunga karibu nami, alinifundisha kuiendesha, na mara ya kwanza niliigonga boti ya mume na mke mmoja, boti ya buluu, mke akatoka na kikombe cha kahawa mkononi akaniambia pole, ilhali mie ndiye niliyewagonga. Halafu boti ikihama kibla nacho kinahama, na mie nasimama katikati ya chumba na simu mkononi nazunguka kama nimepotea kwangu mwenyewe.

Lakini narudi kutoka kazini saa kumi jioni, na kwa majira ya baridi ya huku giza limeshaingia, nimetoka kumgeuza mzee mmoja mzito kuliko mie mara mbili, na nikifika kwenye daraja natafuta kibomba changu. Nauona moshi. Wangu. Nakwambia, sijui kama watu wenye majumba wanaijua furaha ile. Naingia, naondoa jivu, naongeza makaa, naweka birika juu ya jiko, navua soksi. Nje bata maji wanapita kimya. Nilikuwa nakaa pale na kikombe cha chai ya tangawizi napanga maisha yangu yote: nitasoma jioni, nitakuwa muuguzi, nitapaka boti rangi ya kijani, nitaning'iniza mapazia ya kanga. Yale mapazia niliyaning'iniza kweli. Mengine nilikuwa nayasubirisha mpaka mama aje.

Mama akaja. Alikaa kwanza Ilford, akamuuguza mdogo wake mpaka akaanza kusimama na fimbo, na siku moja ya ofu yangu akasema, haya twende. Alivaa baibui, juu yake jaketi la marehemu mume wa mama mdogo, ndani yake sijui kanga ngapi, na soksi nene ndani ya makubadhi. Tulipanda treni, tukapanda basi, tukatembea kandokando ya mto, na njia nzima hakusema kitu isipokuwa kuuliza kama yale maji yana mamba.

Alipanda kwa mguu wa kulia, kwa bismillahi. Boti ikainama kidogo upande wake, kama zinavyoinama zote mtu akikanyaga.

"Kumbe ina adabu," mama akasema. "Inamwinamia mgeni."

Nikafurahi mapema mno. Alipoingia ndani akawa mkaguzi. Alifungua kila kabati. Aliweka kiganja ukutani akakitazama kilivyolowa. Alinyoosha mikono yote miwili na karibu aguse kuta zote mbili, akaniambia nyumba hii mtu akinenepa inabidi ahame. Nilimtembeza kila mahali na kumueleza kila kitu: jiko, tangi la maji, alamu, matundu. Nikamwambia haya matundu hayazibwi, mama, yameachwa makusudi. Akasema, "Haya." Wanaomjua mama wanajua kwamba "haya" yake ina maana nyingi, na kukubali ni moja tu kati ya hizo.

Kitu kimoja tu sikumuonesha, nacho ni siri ya choo. Choo cha boti yangu ni kiti kizuri tu ukikitazama, lakini chini yake kuna kisanduku kama mtoto wa meza, na kisanduku hicho kikijaa mtu mwenyewe anakichomoa na kukipeleka kumwaga mahali maalumu, mwendo wa kutosha kando ya mto. Nilimpa mama maelezo ya kubonyeza maji, nikaishia hapo.

Jioni alipika. Alikuta kopo la tui na samaki niliyemnunua Tottenham, akapika wali na samaki wa kukaanga kwenye jiko langu dogo kana kwamba amelizoea miaka, tukala tumekaa chini mbele ya moto. Nikadhani tumbo likishiba moyo utalainika. Akanawa mikono, akaniuliza mtu akitaka kuja kwangu anaelekezwa vipi, maana wiki hii niko hapa na wiki ijayo siko. Nikasema anapiga simu. Akatikisa kichwa. Akauliza tena, polepole:

"Ukiugua humu ndani, nani atajua?"

Nikamtaja mzee wa jirani, jinsi alivyonifundisha kuulaza moto. Nikawataja wale wa boti ya buluu, ambao wiki ile tulikuwa tumefunga karibu nao.

"Wameshawahi kula kwako?"

Nikasema bado. Tunaonana nje, tunasalimiana, baridi kila mtu amejifungia.

"Basi hao ni wapita njia," akasema mama, akachukua tasbihi yake, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Nilimpa kitanda, mie nikajilaza kwenye benchi karibu na jiko. Sikuwa na hasira naye. Mama amekaa mtaa mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, tangu azaliwe, mtaa ambao mtu akikohoa mara mbili jirani analeta tangawizi kabla hajaombwa. Kwake yeye nyumba haianzi ukutani, inaanzia kwa mtu wa mlango wa pili. Na lile swali lake nililipindua huku na huku. Boti inayosogea, jirani zake ni nani?

Asubuhi ilikuwa ya jua, lile jua la London la wakati wa baridi linalong'aa bila kupasha. Mama alikuwa ameshasali na yuko kitandani anavuta uradi, kanga mpaka puani. Nami nikaona ndio wakati. Nikachomoa kile kisanduku kimyakimya, nikakifunika kwa shali, nikamwambia mama natoka kidogo kutupa taka, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Kisanduku kina magurudumu na mkono wa kuvutia, na nilikivuta kando ya mto kama msafiri anayewahi ndege. Watu wanaokimbia mazoezi wananipisha, wananisalimia, nami naitikia kwa heshima zote.

Yaliyotokea nyuma yangu mama alinisimulia baadaye. Nilipotoka tu akaamka, akafungua mkoba wake, akatoa chetezo cha udongo alichokifunga ndani ya kanga kutoka Unguja, na udi wake anaoupika mwenyewe, kwenye kikopo. Kwetu mtu akihamia nyumba, mama yake anakuja kuifukiza. Lakini udi unataka joto na unataka moshi utulie, na yale matundu yalikuwa yanavuta upepo unaokata masikio. Basi akachukua kanga, akayaziba, ya juu na ya chini, vizuri, kama anavyofanya kila jambo. Akafunga milango. Akafungua jiko langu, akachota makaa yanayowaka kwa upawa, akayatia ndani ya chetezo, akanyunyiza udi, akaanza kupita nacho chumba kwa chumba anasoma dua. Kwetu jambo hili halina hatari yoyote. Nyumba zetu zina madirisha ya nondo na dari refu, zinapumua zenyewe hata ukizifunga. Mama hajawahi maishani mwake kuwa ndani ya nyumba iliyozibika kama kopo.

Nilikuwa narudi, kisanduku kitupu kinagongagonga nyuma yangu, niliposikia ule mlio. Ni mkali, unatoboa, unakatika, unatoboa tena. Kwa muda kidogo nikajiuliza ni wa nani. Halafu nikaona watu wanakimbia, na wote wanakimbilia upande wa boti yangu.

Nilikimbia na kisanduku. Sijui kwa nini sikukiachia. Nilipofika, milango yangu ilikuwa wazi pande zote mbili, yule mzee wa jirani amevaa ndara na kofia yake ya sufu, na mama yuko nje njiani, amesimama kwenye baridi na kanga zake, chetezo mkononi kinafuka. Mzee anamuomba kwa Kiingereza akiweke chini. Mama anamueleza kwa Kiswahili kwamba huu ni udi, baba, hauna ubaya. Wote wawili wana adabu, wote wawili wanarudia maneno yaleyale, na hakuna anayemuelewa mwenzake. Mume wa boti ya buluu alikuwa ndani anafungua madirisha. Mkewe akaleta blanketi. Kijana mmoja nisiyemjua hata kwa sura, wa boti ya mbali, alikuja anahema na kuuliza kama kuna mtu bado yumo ndani.

Nikamshika mama mkono, nikakitwaa chetezo nikakiweka chini, tukamkalisha juu ya gunia la makaa. Mzee alimuuliza kupitia kwangu: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu? Mama akajibu kichwa kizima, ni moyo ndio ulioruka. Mke wa boti ya buluu alipiga simu kwenye namba ya wauguzi, akaulizwa maswali, mie natafsiri, wakasema mlio umemuwahi, abaki kwenye hewa safi na tumtazame vizuri. Tukamtazama. Sijawahi kuona mtu akitazamwa kama vile, watu wazima watano wamemzunguka mwanamke mmoja mwenye soksi nene. Mzee akaingia ndani, akatoka na zile kanga alizozichomoa kwenye matundu, akanikabidhi moja moja.

Nikakaa chini karibu na mama. Alamu ilikuwa imeshanyamaza. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mama yuko mzima, na wakati huohuo, nasema kweli, nilikuwa naiaga boti. Niliyaangalia mapazia yangu ya kanga yanapepea kwenye milango iliyo wazi. Nilijua hakuna mama duniani atakayesikia mlio kama ule nyumbani kwa mwanawe akasema kaa.

Mama akanigusa bega. "Na hicho kisanduku cha magurudumu ulichokikumbatia ni nini?"

Nilikuwa sina nguvu za kuficha kitu. Nikamwambia ni choo, mama.

Alinitazama. Akakitazama kisanduku, na shali yangu nzuri niliyokifunikia. Akaanza kucheka, kwanza mabegani, halafu akacheka mpaka blanketi likamdondoka na mzee akaliokota. Watu wakataka kujua kumetokea nini, nikawatafsiria, nao wakacheka, maana kila mmoja wao ana kisanduku chake. Alipojifuta machozi akaniambia niwaulize watu hawa wamejuaje. Mmoja anakaa jirani, sawa. Lakini huyu kijana, na hawa wa boti ya buluu, nani amewaita?

Nikauliza. Mzee alijibu kana kwamba ameulizwa kwa nini mvua inalowesha. Alisema kwenye maji, mlio ule ukisikika, mtu haulizi wa nani. Anakimbia.

Nikamtafsiria mama. Akakisogeza chetezo kwa kidole cha mguu.

"Kwa mdogo wangu Ilford," akasema, "ile alamu ya jikoni inalia kila tukikaanga samaki. Inalia mpaka inachoka. Hajaja mtu hata siku moja."

Kisha akasimama, akajifunga kanga kiunoni vizuri.

"Una mchele wa kutosha watu hawa?"

Nilikuwa nao. Mzee alijaribu kukataa, kijana naye akasema ana shughuli, lakini hawamjui mama. Walikula kwangu siku ile, mbele ya jiko, magoti yamegusana, milango wazi na kila mtu na jaketi lake, wali na samaki aliyebaki na kachumbari. Mzee aliomba kuongezewa. Paka alipewa kichwa cha samaki. Mama alikuwa anawasemesha Kiswahili moja kwa moja na wao wanajibu Kiingereza, na nikakumbuka binti za mama mdogo, nikaona ni yaleyale.

Walipoondoka, mama alipiga simu Ilford. Mama mdogo alitaka kujua mtoto anarudi lini, nikaisikia sauti yake kutoka kwenye simu. Mama akamjibu kwamba mtoto harudi, mtoto ana mtaa.

Nilikuwa naosha vyombo. Nikaendelea kuviosha, sahani ileile moja, kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa: alipokuwa anafukiza asubuhi, alikuwa ameshaamua?

"Nusu," akasema. "Nyumba nisiyoitaka niifukize ya nini? Nusu nyingine nilikuwa bado naitafuta."

Kabla ya kurudi Ilford alitaka kuimaliza dua yake, maana ilikatwa katikati na hilo halimpendezi. Safari hii nilimuuliza mzee kwanza. Chetezo tukakiweka nje, juu ya sitaha ya mbele, milango wazi, matundu wazi. Mama alikaa na blanketi la boti ya buluu mabegani, akanyunyiza udi, na moshi mmoja ukaingia ndani taratibu, ukapita kwenye mapazia na kutokea nyuma, mwingine ukatambaa juu ya maji mpaka kwenye boti ya mzee. Mtu mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi akapunguza mwendo, akavuta pumzi ndefu, akageuka kututazama, halafu akaendelea.

Yule muuguzi mwenye boti alinipigia majani yalipoanza kuchipua, akaniuliza kama bado naipenda. Nilikuwa juu ya paa wakati huo, brashi mkononi, nimeshapaka nusu ya ubavu rangi ya kijani. Chetezo mama aliniachia. Kinakaa nje karibu na usukani, na siku za Ijumaa nikichelewa kukiwasha mzee anagonga ubavuni mwa boti, taratibu, nami nikiwa ndani sijui kama ni yeye au ni bata maji, basi naitikia tu, karibu.